Kibao Kimoja, Makarani Wawili: Kasoro Inayojificha katika Hifadhidata

Tuchukulie kuwa katika ghala moja la mazao huko Runazi, wilayani Biharamulo, kuna makarani wawili na kibao kimoja cha kuandikia. Karani wa kwanza anapima gunia, anaandika kibaoni “kilo 62”, kisha anageuka kutafuta daftari. Papo hapo mwenzake anafuta na kuandika “kilo 48”. Wa kwanza anarudi na kunakili 48 kwenye jina la mkulima wake. Mizani haikukosea, wala hakuna aliyedanganya. Hata hivyo mkulima amepunjwa kilo 14.

Kompyuta nayo hupatwa na mkasa huo. Programu moja huweza kugawa kazi yake katika nyuzi kadhaa zinazokwenda pamoja na kutumia kumbukumbu moja. Baadhi ya programu ndogo za lugha ya C, zilizobuniwa kabla ya nyuzi kuenea, huweka jibu mahali pamoja pa kudumu, yaani katika bafa tuli. Mfano ni ctime, ambayo huandika tarehe na saa katika bafa yenye nafasi 26. Uzi wa pili ukiiita kabla ule wa kwanza haujasoma jibu lake, jibu hilo hufutika. Kasoro hii hujificha: programu yaweza kufaulu majaribio elfu, ikakosea siku ya kazi nyingi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kufuli: uzi mmoja hungoja mpaka mwenzake amalize kunakili. Ya pili, iliyo bora, ni kuupa kila uzi kibao chake. Ndiyo maana kanuni za POSIX za mwaka 1995 zilileta ctime_r, inayoandika jibu katika bafa ya mwitaji mwenyewe.

Katika hifadhidata ya PostgreSQL, kila anayeunganishwa hupewa mchakato wenye kumbukumbu yake. Kwa hiyo bafa tuli hazikuleta madhara makubwa. Mwaka 2023 Heikki Linnakangas, mmoja wa waundaji wake, alipendekeza nyuzi zichukue nafasi ya michakato. Kwa mabadiliko hayo, bafa hizo hazina budi kuondolewa kwanza.

Jambo hili halipo mbali nasi. DHIS2, mfumo unaokusanya taarifa za vituo vya afya nchini Tanzania, hutumia PostgreSQL. Na tarakimu za zahanati husaidia kupanga mahitaji ya dawa.

Zoezi: wanafunzi wawili wakokotoe hesabu tofauti kwa kibao kimoja, bila kusubiriana. Je, makosa yatatokea kila mara?