Vyombo vya Pwani na Maziwa: Jina la Chombo na Haya ya Mwenyewe (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi za vyombo, kuanzia mtumbwi wa gogo moja na ngalawa yenye matengo yake hata kufikia mashua na jahazi. Leo twataka kuutazama ule ubao wa tezi uandikwao jina, kwani hapo ndipo mwenye chombo, ambaye pengine kwa miezi mingi alikaa kivulini akimtazama fundi pasi na kusema neno, hulazimika kuwaambia watu wote yeye ni nani na ajiona vipi.

Haya yake huanza kabla ya rangi kukauka. Mtu wa pwani akiulizwa habari za jahazi lake, hata likiwa la kujaza boriti na chokaa mpaka maji yakaribie ubavuni, aghalabu hujibu kwamba anacho kichombo chake cha kutafutia riziki, na muulizaji, ambaye huenda ana dau bovu lililolala mchangani, huyapokea majibu hayo kwa adabu ileile ingawa macho yake yameuona mlingoti. Hofu iliyo nyuma ya majibu hayo ni mbili: moja, asije akaitwa mwenye takaburi, ya pili, hasadi, maana chombo ni mali isiyofungiwa sandukuni, kila apitaye forodhani hukiona, na siku kikipanda mwamba hakuna mtu mjini atakayekosa kulikumbuka jina lake. Aliyekiita chombo chake Simba wa Bahari, naye akakwama fungu la mchanga mchana kweupe, bora angehama mtaa.

Wafalme hawakuwa na haya hiyo, wala haikuwapasa. Sayyid Said bin Sultan alikuwa na manowari iitwayo Shah Alam, yaani mfalme wa ulimwengu, na merikebu yake Sultana ndiyo iliyomfikisha Ahmad bin Naaman New York mwaka 1840 pamoja na tende, kahawa, pembe na karafuu. Lakini manowari yake nyingine, iliyoundwa Bombay mwaka 1826, aliipa jina la Kiingereza, Liverpool. Na alipomtunukia William wa Nne, mfalme wa Uingereza, mwaka 1836, Waingereza nao wakalifuta jina hilo lao wenyewe wakaiita Imaum, kwa cheo walichozoea kumtajia mtoaji. Tazama murua wa jambo hili: kila upande uliandika sifa ya mwenzake juu ya ubao wake, na hapana aliyeweza kushitakiwa kwamba amejisifu. Sayyid Barghash aliifuata njia hiyo baada ya tufani ya mwaka 1872 kumvunjia merikebu zake. Aliagizia Uskoti merikebu iliyoigiza manowari ya Kiingereza Glasgow, ikamalizika mwaka 1878, na jina ikabaki nalo lilelile. Heshima hiyo haikuifaa kitu. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja, manowari za Kiingereza ziliizamisha mbele ya mji wa Unguja.

Walakini mfano utimiao kuliko yote wapatikana bara, katika ziwa la Tanganyika, wakati wa vita kuu ya kwanza. Wajerumani walikuwa na vyombo vitatu huko: Kingani, kilichopewa jina la mto, Hedwig von Wissmann, jina la mke wa gavana, na kikubwa kupita vyote, Graf von Götzen, jina la gavana mwingine pamoja na cheo chake cha uungwana, kilicholetwa vipande vipande makashani na kuunganishwa Kigoma. Waingereza walipeleka mashua mbili za mota, kila moja urefu wa futi 40, zilizokokotwa kwa reli, kwa mitambo na kwa ng'ombe kuvuka milima ya Kongo. Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wa bahari kule London walikataa, wakaona majina hayo yanaivunjia heshima bendera ya mfalme. Naye akapeleka mengine mawili, Mimi na Toutou, wakayapitisha, ijapokuwa kwa Kifaransa ni majina ya kitoto ya wanyama walewale.

Hapo pana kichekesho ambacho, kwa nionavyo, Spicer-Simson hakukikusudia. Jina aliloliona dogo kupita yote, lilipofika kwenye ziwa ambalo watu wa kandokando yake walisema Kiswahili, likawa ndilo jina la kujitapa kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu ya chombo: Mimi! Hapana sultani aliyethubutu hivyo. Na mashua hizo, yakini, hazikujiaibisha: tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, ikaitwa Fifi kwa mzaha uleule, na Februari iliyofuata Hedwig akazamishwa. Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wakiondoka; Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka 1927 hawakuandika jina la gavana wao, bali Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji.

Kwa mwenye jahazi wa kawaida mlango wa kutokea ni dini. Tawakali, Subira, Rehema, Nia Njema: ni majina asiyoweza mtu kuyalaumu, kwani mwenyewe hakujitaja, amemtaja Mola au amejinasihi. Nami nayapenda. Lakini unyenyekevu nao una riya yake, na nimepata kuona Maskini Hana Kitu ikiandikwa kwa rangi ya dhahabu, hati za nakshi, juu ya chombo kilichowapita wote bandarini kwa ukubwa. Afadhali mara kumi yule anayeandika jina la binti yake. Jina la mke lina hatari nyingine, hasa kwa mwenye wake wawili na chombo kimoja, wala sina haja ya kuieleza.

Zaidi ya hayo, mji haulazimiki kumtii mwandishi wa rangi. Chombo chaweza kuwa na jina zuri la Kiarabu tezini, na wachukuzi wakakijua kuwa ni jahazi la Mzee fulani tu, au la nahodha wake, au lile linalovuja. Na kikiuzwa, jina hilo la midomoni hukifuata hata kwa mnunuzi aliyekwisha kupaka upya. Juma lijalo, inshallah, tutahama tezini twende omoni, tuyatazame yale macho yachorwayo huko na sababu wazitajazo mafundi wa Lamu.