Sepsisi: Damu inapoganda na kuvuja kwa pamoja
Sepsisi inaweza kuigandisha damu ndani ya mishipa midogo. Chembe sahani zikipungua kwa kutumika huko, mgonjwa wako huweza pia kuvuja damu puani au palipochomwa sindano.

Japani, baadhi ya madaktari huunganisha dawa mbili za kuzuia mgando: antitrombini na trombomodulini. Kwingineko hazitumiki kwa kawaida, kwani tafiti kubwa hazijathibitisha kuwa zinaokoa maisha, na zinaweza kuongeza uvujaji.

Tiba ya msingi ni kuyadhibiti maambukizi mapema, kwa antibayotiki kama chanzo ni bakteria. Usimpe mgonjwa aspirini ukidhani unamsaidia. Mtajie daktari dawa zote anazotumia. Homa ikiambatana na kuchanganyikiwa au kuhema haraka, wahi hospitali.