Kikulacho ki Chini ya Gari Lako

Siku hizi si ajabu kumwona mwalimu, mganga wa zahanati au mwenye duka akiendesha motokaa yake mwenyewe. Nyingi ya motokaa hizo hazikununuliwa mpya. Zilitumika kwanza huko Japani miaka 7, 10 au hata 15, ndipo zikapakiwa melini na kuletwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania huruhusu hata yale ya umri mkubwa zaidi, ingawa ushuru wake huongezeka.

Basi jamaa hujinyima, huweka akiba mwaka baada ya mwaka, na mwisho gari linafika. Linametameta kama sahani ya harusi. Majirani wanakuja kupongeza, watoto wanajikalia ndani, mama analigusa kwa ncha za vidole. Wote wanalitazama juu. Hakuna anayeinama kulitazama chini, na huko chini ndiko aliko adui.

Adui huyo ni kutu.

KUTU NI NINI?

Kutu si uchafu utokao nje ukashika gari. Kutu ni chuma chenyewe kinachogeuka. Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja, hubadilika kidogo kidogo kikawa unga mwekundu usio na nguvu. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, mara mbili na zaidi; ndiyo sababu rangi huumuka kama lengelenge. Ukiona lengelenge moja dogo juu ya rangi, ujue kwamba chini yake kazi imekwisha anza siku nyingi.

Chumvi haiozeshi chuma peke yake, bali huharakisha kazi ya maji. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, hata siku isiyo na mvua chuma chake hakikauki. Kwa hiyo penye matope yaliyochanganyika na chumvi, kutu hula usiku na mchana.

CHUMVI YA JAPANI NA CHUMVI YA PWANI

Sehemu za kaskazini za Japani, kama Hokkaido, Aomori na Akita, pamoja na Niigata ulio upande wa magharibi, hupata theluji nyingi sana wakati wa baridi. Ili barabara zisiteleze, hunyunyiziwa chumvi. Magurudumu huirusha chumvi ile chini ya gari, ikaingia katika kila mwanya. Gari lililoishi huko miaka 10 laweza kuwa zuri juu na bovu chini. Lenzake la mji wa kusini, la umri ule ule, laweza kuwa na tumbo safi kabisa.

Watu wengi huogopa safari ya baharini. Lakini magari kwa kawaida husafiri ndani ya meli, si juu ya sitaha, na safari ni ya majuma machache tu. Hofu kubwa ni maisha ya gari kabla ya safari na baada yake. Sisi wa Tanga, Bagamoyo, Malindi na Unguja twaishi na upepo wa bahari mwaka mzima. Gari likitoka katika chumvi ya theluji likaingia katika chumvi ya bahari, halikupumzika hata kidogo.

KABLA YA KULIPA

Magari mengi ya Japani hupita mnadani, nayo huandikiwa karatasi yenye picha ya gari na alama za kasoro zake. Mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi hiyo. Herufi S ni alama ya kutu. C ni alama ya kutu iliyokwisha kula chuma. W huonyesha mahali palipogongwa pakanyoshwa. Namba iliyo karibu na herufi ikiwa kubwa, na kasoro ni kubwa.

Kama gari limekwisha fika, chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na bisibisi. Pitisha sumaku polepole juu ya madigadi na chini ya milango. Mahali ambapo bodi ni ya chuma na sumaku haishiki, hapo pamezibwa kwa puti. Gonga chini kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito kama ya boga. Inua mazulia ya miguuni ukanuse. Harufu ya ukungu ni habari ya maji yaliyolala.

Hasa tazama vibomba vya breki. Ni vya chuma, vyembamba kuliko penseli, navyo hupita chini ya gari mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Kutu ikivila, vitavumilia breki ndogo ndogo za mjini, halafu vitapasuka siku ile dereva atakapokanyaga kwa nguvu zote. Fikiria gari lililojaa watu wa nyumba moja likishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona, korongo likiwa kando. Magari ya siku hizi yana njia mbili za mafuta ya breki, na moja ikipasuka nyingine hubaki; lakini gari huhitaji mwendo mrefu zaidi kusimama, na katika mteremko ule mwendo huo haupo. Kibomba chenye magamba ya kutu hakipakwi rangi. Hubadilishwa, na gari haliendi safari mpaka kibadilishwe.

KAZI YA MAJUMA YA KWANZA

Mwenye gari asingoje lengelenge. Achague siku za jua, si wakati wa masika, afuate mpango huu.

Kwanza, kuosha. Gari lioshwe chini kwa maji mengi matamu, ndani ya madigadi na kila penye tope lililoganda. Hapa watu wa pwani wajihadhari. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya munyu, na baadhi ya waosha magari huyatumia. Onja maji kabla hayajamwagwa. Ukiosha chumvi kwa chumvi, umetwanga maji kinuni. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni mazuri sana.

Pili, kuzibua. Chini ya kila mlango, na katika boriti zile unazozikanyaga ukipanda, mna vitundu vidogo vya kutolea maji. Tope likiviziba, mlango hugeuka kuwa mtungi. Vizibue kwa kijiti. Ondoa na majani ya miti yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, kwani huko pia maji hutuama.

Tatu, kukausha. Hii ndiyo kazi inayodharauliwa, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Fungua milango, toa mazulia, acha gari juani siku mbili au tatu.

Nne, kukwangua. Penye kutu ya juu juu, sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Vaa miwani na ufunike pua. Paka dawa ya kugeuza kutu kama ilivyoandikwa kwenye kopo, halafu rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu. Chuma kilichokwanguliwa kisilale wazi, maana kwa hewa ya pwani asubuhi utakikuta kimeanza kuwa chekundu tena. Penye tundu, rangi haifai kitu; mpe kazi fundi wa kuchomelea, akate kilichooza na kutia bati jipya, baada ya kuondoa waya za betri.

Tano, kupaka kinga. Ndani ya milango na boriti zenye uwazi hupulizwa nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yapo yanayotengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo. Hupenya kwenye maungio, hayakauki upesi, nayo husukuma maji kando. Yasiguse breki, magurudumu wala ekzosi. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara za chuma.

DAWA ZINAZODHURU

Kuna mazoea mawili tunayoyaona gereji ambayo yafaa kukataliwa.

La kwanza ni kupaka oili chafu iliyotolewa katika injini. Ni kweli kwamba mafuta huzuia maji. Lakini oili ile ina tindikali na takataka za injini, huharibu mipira ya gari, hudhuru ngozi ya mpakaji, na mvua ikinyesha hudondoka ardhini ikachafua maji ya kisima.

La pili ni kupaka lami nyeusi juu ya kutu na tope. Gari huonekana jipya, na mwenye gari hulala usingizi mzuri. Chini ya lami unyevu umefungiwa pamoja na chuma, kutu inaendelea kula pasipo kuonekana na mtu. Lami juu ya chuma safi na kikavu ni kinga. Juu ya kutu ni sanda. Kwa hiyo ukikuta gari kuukuu lenye lami mpya nyeusi tumboni, usifurahi upesi. Uliza kilichofichwa.

DESTURI YA NYUMBANI

Kazi hiyo ikiisha, kilichobaki ni desturi tu, na nyumba nzima yaweza kusaidia. Kila mwezi, na kila mara gari likitoka kando ya bahari, lioshwe chini kwa maji matamu. Wapewe watoto tochi watafute vitundu vilivyoziba. Macho yao ni makali kuliko yetu. Ukipakia samaki, tandika turubai lisilovuja, maana maji ya barafu na samaki yana chumvi, nayo hupenya chini ya zulia la buti. Ukiona unga mweupe kwenye betri, mwagia maji ya magadi kwa nje, vizibo vikiwa vimefungwa, kisha suuza. Gari liegeshwe penye kivuli kinachopitiwa na upepo. Turubai la plastiki lililolifunika kucha hufungia umande ndani. Na kila mwaka, masika yakiisha, litazamwe upya chini na kuongezwa mafuta ya kinga palipoisha.

Ndoo ya maji, brashi ya waya na kopo la rangi havimshindi mtu aliyeweza kununua motokaa. Kutia sakafu mpya kwaweza kumshinda. Tena gari si bati na rangi tu. Ndilo litakalompeleka mama mzazi hospitali usiku, ndilo litakalowashusha watoto mlimani salama. Basi Jumamosi hii, kabla hujalipangusa juu ling'ae, chukua tochi, tandika mkeka, uiname.