Imani Yetu na Ndoo ya Maji

Jumapili tunasali pamoja. Jumatatu mama mjamzito anashika jembe, kisha anapanda mlima na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20! Katika vilima vya Ngara na vijiji vya Biharamulo, imani ya nyumba hupimwa hapo.

Mimba haikatazi kazi. Inakataza kumchosha mama kupita kiasi. Baiskeli inayopeleka ndizi sokoni inaweza kubeba madumu ya maji. Baba apasue kuni pia. Mama apumzike mchana, ale maharage, dagaa na mboga za majani, ameze vidonge vya kuongeza damu, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe kliniki mara 8, akianza kabla ya wiki ya 12.

Akitoka damu, akiumwa sana kichwa, akivimba uso au akipata kifafa, tusingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja. Nauli iwekwe mapema. Sala tuisali njiani.

Yesu aliwaosha wafuasi wake miguu. Basi akina baba, kubeba ndoo si aibu.