Fahamu: Kwa nini programu za kufuatilia kobalti haziishi kurekebishwa

Tarehe 22 Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa miezi minne. Juni ikaongeza mitatu. Tangu 16 Oktoba zuio likageuka mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha 96,600 kwa mwaka 2026. Kolwezi, mji wa migodi mkoani Lualaba, ilihesabu hasara. Watengeneza programu walihesabu marekebisho.

Mifumo ya kufuatilia madini ipo. Mmojawapo ni Re|Source, ulioanzishwa na CMOC, ERG na Glencore, makampuni yanayoshindana Lualaba, na kuingia majaribioni mwaka 2021. Lengo ni kuifuata kobalti toka mgodini hadi kwenye betri ya gari la umeme.

Sasa chukua programu ya aina hiyo iliyodhani kwamba mzigo ukishafungwa kiwandani, unasafiri. Ghafla lazima ielewe mzigo uliolala ghalani miezi kadhaa, na iulize mgao uliobaki. Badiliko hilo linagusa ghala, mizani, forodha na mnunuzi, kila mmoja na timu yake, hivyo hujaribiwa kwanza kwenye nakala ya mfumo, pembeni ya kazi halisi.

Na ubora wa data? Blokucheni, daftari la kidijitali linalotumiwa na mifumo kama Re|Source, huzuia rekodi kufutwa kimyakimya, lakini haijui kama karani aliandika uzito sahihi. Kwa maoni yangu, karani huyo alistahili kuitwa kwenye kikao cha kwanza cha mradi. Kwa kawaida huonyeshwa skrini ikiwa tayari.

Muda ni mfupi: kuanzia 18 Februari 2027, Umoja wa Ulaya utadai pasipoti ya kidijitali kwa betri za magari ya umeme.