Alama Katika Damu ya Mgonjwa wa Kansa ya Utumbo

Kama wewe ama mtu wa nyumba yako amepasuliwa kwa ajili ya kansa ya utumbo mkubwa, bila shaka umeuliza: Je, ataishi? Munganga hawezi kukupa hesabu ya siku. Lakini ziko alama anazozisoma, na inafaa wewe nawe uzifahamu, usije ukakata tamaa bure kwa kuona karatasi.

Alama moja ni protini iliyo katika damu. Katika mwaka wa 1965, huko Montreal katika inchi ya Kanada, Phil Gold na Samuel Freedman waliiona ndani ya kansa ya utumbo, na tena ndani ya matumbo ya mtoto asiyezaliwa bado. Kwa Kifaransa huandikwa ACE, kwa Kiingereza CEA. Mtu asiye na kansa anayo kidogo tu. Kwa kawaida haipiti nanogramu 5 katika mililita moja. Nanogramu ni kitu kidogo mno: gawanya gramu moja katika mafungu 1,000,000,000, uchukue fungu moja.

Damu hupimwa kwanza kabla ya kupasuliwa. Kati ya wale wenye ACE ya juu, wanaopona ni wachache kuliko kati ya wale wenye ACE ya chini. Nasema habari ya watu wengi pamoja, si habari yako peke yako. Mvuta tumbaku huwa nayo juu kidogo hata kama hana kansa. Mwenye ugonjwa wa ini vilevile. Tena kuna kansa zisizotoa protini hii kabisa. Kwa hiyo usiombe kipimo hiki ili ujue kama una kansa. Ukiona damu katika choo, ama choo kimebadilika kwa majuma mengi, ama unakonda bila sababu, njoo uchunguzwe utumbo wenyewe.

Baada ya kupasuliwa, damu hupimwa tena. Kansa ikiwa imetolewa yote, ACE iliyokuwa juu hushuka, na baada ya majuma 4 mpaka 6 inapasa kuwa ya kawaida. Ikiwa hivyo, usihuzunike tena juu ya hesabu ya kwanza. Isiposhuka, ama ikishuka kisha ikapanda, munganga atatafuta kwa picha, hasa katika ini, hata kabla mgonjwa hajasikia maumivu. Kansa ndogo ya ini huweza kukatwa, na wengine hupona. Ndiyo maana unaitwa kila miezi 3 mpaka 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5. Usiseme, “Nina nguvu, nalima shamba langu, nirudi kwa nini?”

Alama kubwa kupita hii ni mahali kansa ilipofika. Nyama iliyokatwa hutazamwa kwa mikroskopu, pamoja na tezi za karibu, zisizopungua 12. Katika nyama hiyo hutafutwa pia protini 4, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, ambazo kazi yao ni kusahihisha makosa chembe inapojigawa. Moja ikikosekana, na kansa haijafika kwenye tezi, kansa hiyo hurudi mara chache kuliko nyingine. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Pengine pia ni ugonjwa wa ukoo. Basi ndugu zake na watoto wake waje kuulizwa.

Zichunge karatasi zako zote, uje nazo. Tena upimwe mahali palepale kila mara, kwa maana mashine mbili huweza kutoa hesabu mbili kwa damu ileile.