Kamera na Maji ya Chumvi

Viongozi wa vikundi, tafadhali wekeni mezani glasi moja ya maji, chumvi, kijiko cha chai na kifuniko cheusi cha kopo. Vitu hivyo tutavitumia hivi punde.

Somo la leo limetokana na barua ya mwanafunzi mmoja wa darasa la pwani. Kazi yake ni kuwapiga watu picha ufukweni siku za Idi na Mwaka Mpya. Kamera yake ni ya kidijitali, ameinunua kwa mkopo, na deni halijaisha. Anauliza: afanye nini ili maji ya bahari yasiiharibu? Swali hili ni zito. Jembe likilowa hukaushwa, na kesho mtu akalimia. Kamera ikilowa maji ya bahari, kazi yaweza kwisha siku hiyo hiyo, na deni likabaki.

Kwanza tumjue adui. Wengi hudhani ni maji. Maji yana makosa yake, lakini mharibifu mkubwa ni chumvi iliyomo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Basi, kiongozi, tia katika glasi ile kijiko kimoja na nusu cha chumvi, ukoroge. Sasa mnayo maji ya bahari mbele yenu, hata ninyi mnaotusikiliza Tabora. Dondosheni matone matatu juu ya kifuniko, mkiweke juani. Yakikauka mtaona ukoko mweupe. Ukoko kama huo ndio unaobaki ndani ya kamera baada ya maji kukauka.

Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, hivyo mahali iliposhika hapakauki sawasawa, na madini huliwa polepole kama mabati ya nyumba za pwani. Tena kuna jambo baya kuliko hilo. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kisima. Ndani ya kamera mna kibao chenye njia nyembamba za shaba, na umeme wa betri hupita humo. Maji ya chumvi yakiziunganisha njia mbili, umeme hupotea njia, na shaba huanza kuliwa papo hapo na kufanya kutu ya kijani. Betri ikiwa imetolewa, uharibifu huenda polepole zaidi.

Nayajua haya kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita niliazima kamera ya kaka yangu, nikaenda nayo Kigamboni. Wimbi likanipiga kiunoni. Niliifuta kamera kwa shati, nikabonyeza kitufe nione kama ingali hai. Ikawaka! Nikafurahi, nikapiga picha mbili. Baada ya hapo haikuwaka tena, na kaka hunikumbusha kila tukikutana. Laiti ningetoa betri, pengine fundi angeiokoa.

Basi kamera yako ikianguka baharini, iopoe, wala usiiwashe. Fungua kimlango chake, utoe betri. Fanya hivyo kabla ya kufuta chochote, na kabla ya kugombana na aliyekusukuma. Betri iliyoingia maji ya chumvi usiichaji tena, maana yaweza kupata moto na hata kuwaka. Kisha toa kadi inayohifadhi picha. Isuuze kwa maji matamu, uikaushe kivulini siku moja au mbili. Mara nyingi kadi hupona hata kamera ikifa, na picha za wateja wako zimo ndani yake.

Kamera yenyewe ipelekwe kwa fundi siku ile ile, kabla chumvi haijakauka ndani. Fundi akiwa mbali, na kamera imezama kabisa, mimi naona ni afadhali kuisuuza kwa maji matamu bila betri kuliko kuiacha na chumvi yake. Haya ni kama kuchagua hasara ndogo, maana maji matamu nayo hayaiponyi. Usiianike juani wala usiipulizie hewa ya moto. Iweke kivulini penye upepo. Wala usiifungue mwenyewe kwa bisibisi. Kamera yenye taa ya kumulika huweka ndani umeme wa karibu volti 300, nao waweza kubaki muda hata betri ikiisha kutolewa. Umeme huo umewarusha mafundi wengi.

Na mchele je? Watu hupenda kuifukia kamera ndani ya mchele. Mchele hauondoi chumvi, na unga wake huingia katika matundu. Mchele upikeni.

Sasa tuseme juu ya kujikinga. Kamera ikae shingoni kwa mkanda wake. Usipoitumia, itie katika kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana. Ni rahisi, na huzuia maji na mchanga pamoja. Humo tia vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, vyenye punje za kunyonya unyevu. Lenzi usiibadilishe ufukweni. Upepo wa kusi au wa kaskazi ukivuma, rasharasha hufika mbali, hata asiyekanyaga maji hurudi na chumvi usoni. Lenzi nayo hupata chumvi hiyo. Usiisugue ikiwa kavu, kwa kuwa punje moja ya mchanga hukwaruza kioo. Puliza mchanga kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu futa taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji matamu, ukimalizia na kikavu.

Ziko kamera zilizotengenezwa kustahimili maji. Hapa kujua kusoma kunakupa faida ya fedha. Tazama katika kijitabu chake kama pana herufi IP na tarakimu mbili. Kiongozi, andika ubaoni: IP67. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji. Saba maana yake kifaa kimejaribiwa katika kina cha meta 1 kwa dakika 30. Nane ni zaidi ya hapo, kama mtengenezaji alivyoeleza. Lakini jaribio hilo hufanywa kwa maji matamu, na vimlango vikiwa vimefungwa sawasawa. Unywele mmoja ukinasa katika mpira wa kimlango, maji hupita. Ukitoka baharini, kamera ya namna hiyo isuuze kwanza kwa maji matamu, uikaushe, ndipo ufungue.

Kabla ya kuagana, neno moja kwa mwandishi wa barua. Idi el Fitri hufuata kuandama kwa mwezi, na mwezi mpya ndio huleta bamvua. Kwa hiyo sikukuu hiyo bahari hupanda mbali kuliko siku nyingine, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi alasiri, saa ile ile ufuko unapojaa watu. Mkoba utakaouweka chini saa saba mahali pakavu, saa kumi utaukuta unaelea. Utundike mtini, au mpe mtu akushikie. Idi kubwa huja siku ya kumi ya mwezi, wakati wa maji mafu, na hapo bahari haipandi sana.

Kwa herini.